Kuchora mpango wa taa za jukwaa kwa kompyuta: namna ya kuchagua programu nyepesi, kwa mafundi wa Mtwara na Lindi

Kabla hujapakua programu yoyote, mfikirie mtu atakayeishika ile karatasi. Yuko juu ya ngazi, saa kumi na moja jioni, mkono mmoja umekamata boriti na mwingine umebeba taa. Umeme umekatika, ukumbi una kiza, na anasoma mchoro wako kwa tochi ya simu. Anataka kujua mambo matatu tu: taa hii inafungwa wapi, inaelekezwa wapi, inachomekwa wapi. Programu inayokuwezesha kumjibu mtu huyo bila kumchanganya ndiyo nzuri, hata kama ni ya bure na haina mbwembwe.

Nimewaona vijana wengi wenye kipaji wakianzia upande wa pili. Wanatafuta programu inayoonyesha miale ya taa ikicheza kwenye skrini, wanamaliza bando la mwezi kuipakua, laptopu inakwama, kisha siku ya shughuli wanachora nyuma ya kadi ya mwaliko. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vipimo, unapita kwenye karatasi, na programu inakuja baadaye.

Hatua ya 1: Pima ukumbi wako mwenyewe

Nenda na futi ya kupimia, ikiwezekana ya mita 30, na mtu wa kushika upande wa pili. Tafuta katikati ya ukingo wa mbele wa jukwaa, weka alama ya chaki, kisha vuta mstari mnyoofu kwenda nyuma ya jukwaa na mwingine kwenda upande wa watazamaji. Huo ndio mstari wa kati. Kila kipimo cha kulia na kushoto kitatoka kwenye mstari huo, na kila kipimo cha mbele na nyuma kitatoka kwenye ukingo wa jukwaa. Ukipima kutoka ukutani utapotea, kwa sababu kumbi zetu nyingi za zamani kuta zake hazikunyooka sawasawa.

Andika upana na kina cha jukwaa, mahali ilipo kila boriti au bomba unaloweza kufungia taa, milango, nguzo, na kila soketi. Soketi usiishie kuziona tu. Ziandike pamoja na breka inayozilisha: zima breka moja moja huku mwenzako anaangalia zipi zimekufa. Kazi hii inachukua nusu saa na itakuokoa usiku wa shughuli.

Urefu wa boriti kwenda juu upime kutoka sakafu ya jukwaa. Hapa nilikosea mimi katika mahafali ya shule moja: nilipima kutoka sakafu ya ukumbi, na jukwaa lilikuwa limeinuka karibu mita moja. Kwenye mchoro taa zilikaa vizuri. Siku yenyewe zilikuwa chini mno, zikawachoma macho wanafunzi waliokuja kupokea vyeti. Kosa halikuwa la programu, na hakuna programu ambayo ingelinasa.

Kama kazi yako ni ya uwanjani, kwa mfano ngoma kwenye viwanja vya Mashujaa pale Mtwara au sherehe ya kijijini Newala au Nachingwea, pima duara. Programu nyingi za kitaalamu zimezoea jukwaa la Ulaya: pazia mbele, watazamaji upande mmoja, mabomba ya kupanda na kushuka. Ngoma za kusini hazikuzaliwa humo. Sindimba huchezwa watu wamezunguka, na mwanga unapaswa kutoka pande zaidi ya moja kwa stendi. Mchezaji wa lipiko naye amevaa kinyago kinachofunika kichwa na anaona kupitia uwazi wa mdomo wa kinyago hicho. Stendi iliyowekwa chini, mbele yake, inampofusha. Isitoshe, mchongo wa Kimakonde unaonekana vizuri mwanga ukitoka ubavuni, maana mwanga wa mbele peke yake unafuta vivuli vya patasi na uso unabaki bapa. Mambo haya lazima mchoro uweze kuyabeba. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kupendelea programu ya kuchora kitu chochote kuliko ile iliyokwisha kukuamulia jukwaa lako lina umbo gani.

Hatua ya 2: Chagua karatasi na skeli

Kwa kumbi zetu skeli ya 1:50 inatosha. Maana yake mita 1 ya ukumbini ni sentimeta 2 kwenye karatasi. Karatasi ya A3 ina milimita 420 kwa 297, kwa hiyo inabeba eneo la mita 21 kwa 14.85. A4 inabeba mita 14.85 kwa 10.5. Ukiondoa pembezoni ambapo printa haifiki, jukwaa la mita 8 kwa 5 pamoja na boriti iliyo mita 3 mbele yake linaingia kwenye A4 bila kubanwa. Hili ni muhimu kwa sababu si kila steshenari ina printa ya A3. Pita uulize leo, usisubiri siku ya shughuli.

Skeli ya 1:25 ni nzuri pale taa zinapokuwa nyingi na zimebanana, lakini itakulazimu kutumia A3.

Tena, printa nyingi ni za wino mweusi. Ukitofautisha taa kwa rangi tu, nyekundu na buluu zote zitatoka kijivu. Andika herufi kando ya taa: NY kwa nyekundu, BU kwa buluu, KJ kwa kijani.

Hatua ya 3: Iulize mashine yako maswali

Laptopu yako ina RAM kiasi gani? Ikiwa ni GB 4, kama zilivyo nyingi za mitumba, achana kabisa na programu zinazochora miale kwa picha za pande tatu, kwa kuwa hizo zinataka kadi ya picha yenye nguvu. Je, programu inafanya kazi bila intaneti? Ukiwa ukumbini mtandao unaweza kukukatalia wakati huohuo msimamizi wa shughuli anataka boriti ihamishwe. Je, inatoa PDF? Bila PDF, steshenari watafungua faili lako kwa programu nyingine na mistari itahama. Na swali ambalo watu husahau: ukiugua, nani mwingine anaweza kulifungua faili hilo na kulirekebisha? Programu ya kulipia iliyo kwenye mashine moja tu ni hatari kwa kikundi kizima.

Kama huna laptopu, usikate tamaa. Daftari la grafu, rula na penseli kali vinatoa mchoro wa 1:50 uliokamilika. Upige picha na simu, uwatumie wenzako. Mchoro huo unazidi mchoro wa kompyuta uliochorwa bila vipimo.

Hatua ya 4: Programu zenyewe

Nitaanza na ninayowashauri wengi: LibreOffice Draw. Ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Linux na Mac, na huenda tayari unayo kama umeweka LibreOffice kwa ajili ya barua. Fungua ukurasa mpya, ingia Tools, kisha Options, kisha LibreOffice Draw, kisha General. Weka skeli 1:50 na kipimo cha mita. Kuanzia hapo ukichora mstatili na kubonyeza F4, unaandika mita 8 kwa 5, nao unatokea wa sentimeta 16 kwa 10. Ina chombo cha kuchora mistari ya vipimo, na ina matabaka (layers), yaani kurasa zilizopandana za mchoro mmoja, ambayo unaweza kuyaficha, kuyafunga yasiguswe, au kuyazuia yasiprintiwe. Udhaifu wake ni kwamba ukirudufu alama ya taa mara 20 kisha ukataka kuibadilisha umbo, utazibadilisha zote 20 kwa mkono.

Udhaifu huo ndio unaotibiwa na Inkscape, nayo ya bure. Unachora alama ya taa mara moja, unabonyeza Alt na D, unapata nakala inayomfuata mama yake. Ukimbadilisha mama, watoto wote wanabadilika. Kwa skeli, njia nyepesi ni kuweka gridi ya milimita 20, ili kila mraba uwe mita 1 ya ukumbini. Inkscape inataka siku kadhaa za kuizoea, na kwenye mashine dhaifu inachelewa kufunguka. Mtu anayechora kila wiki atafurahi nayo. Anayechora mara mbili kwa mwaka atakuwa ameisahau kila anapoirudia.

LibreCAD ni ya wale waliosoma ufundi mchundo au uchoraji wa majengo. Ni nyepesi sana, inachora pande mbili tu, na unachora ukumbi kwa ukubwa wake halisi. Skeli unaichagua wakati wa kuprinti. Alama za taa unazihifadhi kama vipande vya kurudiarudia. Faida yake kubwa huonekana pale mjenzi wa ukumbi anapokupa mchoro wa jengo: mwombe autoe kama DXF, aina ya faili la michoro ambayo LibreCAD inaifungua, ufungue, uanze kuweka taa juu yake. Mchoro wa DWG, aina nyingine ya faili la michoro, unaweza kukusumbua, kwa hiyo sema DXF mapema.

Kuna pia draw.io, inayotumika kwenye kivinjari na ina toleo la kuweka kwenye kompyuta lisilohitaji intaneti. Inafaa zaidi kwa mchoro wa namna nyaya zinavyounganishwa kuliko mpango wa vipimo.

Watu huniuliza kuhusu QLC+. Ni programu nzuri, ya bure, na ninaitumia. Kazi yake hasa ni kuendesha taa kwa DMX (mfumo wa kuzitumia taa amri kupitia waya), yaani kuziwasha, kuzizima na kupanga mandhari, ndiyo maana siitegemei kwa mchoro wa karatasi. MagicQ ya ChamSys nayo ni ya bure kupakua na ina sehemu ya kutazama taa kwenye skrini, lakini imejengwa kwa waendeshaji wa meza za kuendeshea taa za kampuni hiyo. Vectorworks Spotlight na Capture ni vyombo vya kazi kubwa na bei yake ni kubwa. Ukiwa mwanafunzi wa chuo, fuatilia leseni za wanafunzi. Vinginevyo, ukumbi wa taa 12 hauzihitaji.

Hatua ya 5: Jaribio la jioni moja

Usichague kwa kusoma sifa. Chukua programu mbili, usizidishe, na katika kila moja chora kitu kilekile: jukwaa lako, boriti mbili, taa 12, namba zake na jedwali. Jipe saa tatu kwa kila programu. Kisha jifanye msimamizi amekuja na kusema, "Fundi, boriti ya mbele sogeza nusu mita, na taa namba 7 iondoke." Tazama saa. Programu iliyokuwezesha kufanya badiliko hilo kwa dakika mbili bila kuharibu mengine ndiyo yako. Kuchora mara ya kwanza kila mtu ataweza kwa subira. Mchoro hukushinda pale unapoanza kubadilishwa.

Jaribio la pili ni la karatasi. Kwenye kona ya mchoro chora mstari wa sentimeta 10, uandike "mita 5 kwa 1:50". Toa PDF, peleka steshenari, mwambie kijana wa pale aprinti kwa asilimia 100, asikubali printa "itoshelezee" ukurasa. Karatasi ikitoka, weka rula juu ya ule mstari. Ukipata sentimeta 9.6, karatasi imepunguzwa na vipimo vyote juu yake ni vya uongo. Mstari huo uache kwenye kila mchoro wako daima.

Jaribio la tatu: mpe karatasi mtu ambaye hakuwepo wakati unachora, mzimie taa, mpe tochi, mwambie akuonyeshe taa namba 4 inafungwa wapi. Akisita, ongeza ukubwa wa namba.

Hatua ya 6: Jaza mchoro vitu vinavyofanya kazi

Panga matabaka manne: jengo, jukwaa na mapambo yake, taa, na umeme. Tabaka la jengo lifunge usilisogeze kwa bahati mbaya.

Kwa alama, Wamarekani wana mwongozo wao uliotolewa na chama cha USITT mwaka 2006, wenye umbo maalumu kwa kila aina ya taa. Ni vizuri kuufahamu ukikusudia kufanya kazi na wageni. Kwa kikundi chako, maumbo matatu yanatosha: duara kwa taa ya LED, umbo la chupa kwa taa ya mwanga mkali wenye ukingo, mstatili kwa taa ya kumwaga mwanga. Weka ufunguo wa alama kwenye kona. Mshale mfupi uonyeshe taa inaelekea wapi.

Kisha chora mchoro wa pili, wa ubavuni, ukionyesha urefu. Hapa ndipo unapojua kama nyuso zitaonekana. Stanley McCandless, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alieneza kanuni ya kumulika mchezaji kwa taa mbili, kila moja ikitoka upande wake na ikiinuka nyuzi 45. Tuichukue ile ya kuinuka tu. Boriti ikiwa mita 4 juu ya sakafu ya jukwaa, na uso wa mtu mita 1.6, tofauti ni mita 2.4. Kwa nyuzi 45, boriti inatakiwa iwe mita 2.4 mbele ya mtu. Njia ya mwanga kutoka taa hadi uso ni kama mita 3.4.

Upana wa mwanga unapofika usoni unaupata kwa kuzidisha. Taa ya nyuzi 25, yaani inayotawanya mwanga wake kwa pembe ya nyuzi 25, zidisha umbali kwa 0.44. Ya nyuzi 36, kwa 0.65. Ya nyuzi 40, kwa 0.73. Kwa hiyo kwenye mita 3.4, taa ya nyuzi 25 inakupa duara la mita 1.5, na ya nyuzi 40 mita 2.5. Jukwaa la mita 8 litatosheka na taa nne za nyuzi 40 zikipandana kidogo, ilhali zile za nyuzi 25 utahitaji sita au saba. Chora maduara hayo kwa mistari ya nukta kwenye mpango wako. Mapengo utayaona kabla hujapanda ngazi.

Jedwali liwe kwenye karatasi hiyohiyo: namba ya taa, aina, mahali, rangi, wati, soketi, anwani ya DMX (namba ya chaneli ambapo taa inaanza kusikiliza amri). Laini moja ya DMX512 ina chaneli 512 na haipaswi kubeba zaidi ya vifaa 32 bila kigawanyishi. Taa zako zikiwa za chaneli 7, ya kwanza inaanza 1, ya pili 8, ya tatu 15, na ya kumi na mbili inaanza 78. Ziandike zote, usiachie kichwa kikumbuke.

Umeme sasa. Umeme wetu ni volti 230, na plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampia 13. Gawa wati kwa 230 upate ampia. Taa 12 za LED za wati 150 ni wati 1,800, karibu ampia 8, zinakaa. PAR 64, zile taa za kopo za zamani, za wati 1,000, mbili ni ampia 8.7, ukiongeza ya tatu umefika ukingoni mwa fyuzi, na hapo ekstensheni ndefu iliyoviringishwa kwenye kibiringita inapata joto hadi kuyeyuka. Mchoro uonyeshe kila kundi la taa linakula kwenye soketi ipi, na jumla ya ampia iandikwe kando ya soketi. Kwa jenereta, kumbuka kVA 5 kwa kawaida ni kama wati 4,000 za kutumia, na spika nazo zinadai sehemu yao. Kaa na fundi mitambo wa muziki mapema mgawane.

Kwa shughuli za wazi karibu na bahari, kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini, ongeza safu moja kwenye jedwali: mzigo wa kuzuia stendi. Upepo wa kusi unaangusha stendi ya mita 3 bila huruma. Andika "mfuko wa mchanga" kwa kila stendi inayohitaji, na kamba ya usalama kwa kila taa iliyo juu ya kichwa cha mtu. Kulabu za chuma zikague kutu kabla ya kila kazi, kwa sababu chumvi ya hewani inazila.

Hatua ya 7: Tunza faili

Kila badiliko lihifadhiwe kwa jina jipya lenye tarehe, mfano: ukumbi-taa-2025-06-14. Andika tarehe hiyohiyo kwenye kona ya mchoro, ili karatasi mbili zikikutana ukumbini mjue ipi imepitwa. Tunza faili la kuchorea pamoja na PDF yake, nakala moja kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe au kundi la WhatsApp la kikundi.

Siku ya shughuli printi nakala tatu: ya aliye juu ya ngazi, ya aliye kwenye meza ya kuendeshea, na ya kubandika ukutani karibu na meni swichi. Chochote kilichohamishwa ukumbini kisahihishwe kwa kalamu kwenye nakala ya ukutani. Kesho yake, kabla hujarudisha taa ulizoazima, ibandue nakala hiyo, kaa na laptopu, na uhamishie kila alama ya kalamu kwenye faili.